Wati 12

Nimetimiza mwezi wa nne bila kuwasha sigara. Sisemi kwamba nimeachana na tumbaku, maana katika mfuko wa koti langu mna kifaa kidogo cha chuma chenye betri, kitufe na kioo kisichozidi ukucha wa kidole gumba, na katika kioo hicho inasomeka namba 12. Hizo ni wati. Namba hiyo imenigharimu miezi mingi, chupa kadhaa za kimiminika na aibu kidogo. Baadhi yenu mnaovuta mmeniuliza mara kwa mara: mtu anayeanza kutumia sigara ya kielektroniki aiweke wapi? Leo nitajibu. Waniwie radhi waliozoea kunisoma nikijadili bajeti na katiba. Siasa haiko mbali, kama watakavyoona.

Kwanza niseme simwandikii nani. Simwandikii asiyevuta. Kijana ambaye hajawahi kugusa sigara hana sababu hata moja ya kununua kifaa hiki, kwa kuwa nikotini humfunga mtu kwa kamba ileile, iwe imetoka katika moshi au katika mvuke. Uganda, kwa sheria yake ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015, ilipiga marufuku biashara ya sigara za kielektroniki, nami sina ugomvi na wabunge wake. Namwandikia mtu wa aina yangu: aliyejifunza kuvuta akiwa JKT, akavuta pakiti moja kwa siku kwa miaka thelathini, akajaribu kuacha kwa nguvu ya nia akashindwa, akajaribu kwa bandiko la nikotini akashindwa tena. Mwaka 2019 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Uingereza kwa wavutaji 886 waliotaka kuacha. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18 ya waliopewa sigara za kielektroniki walikuwa hawavuti tena sigara za kawaida, dhidi ya asilimia 9.9 ya waliopewa mabandiko na bidhaa nyingine za nikotini. Lakini asilimia 80 ya hao waliofanikiwa kwa njia ya kwanza walikuwa bado wameshika kifaa mkononi. Naziweka takwimu hizo pamoja kwa makusudi. Anayezitaja zile za kwanza peke yake anauza kitu.

Ninaishi na kufundisha Glasgow, Uskoti. Mji huu ulitajirika kwa tumbaku kabla ya kujulikana kwa meli. Katika karne ya 18 wafanyabiashara wake waliingiza majani kutoka Virginia, yaliyolimwa na Waafrika waliokuwa watumwa, kisha wakayauza tena Ufaransa na kwingineko Ulaya, na fedha zile zikajenga majumba. Jumba la mmoja wao, William Cunninghame, leo ni makumbusho ya sanaa ya kisasa. Mitaa ya Buchanan, Glassford na Ingram ingali na majina yao, na upo mtaa unaoitwa Virginia. Duka nililonunua kifaa changu cha kwanza liko mwendo wa dakika tano kutoka hapo.

Muuzaji alikuwa kijana muungwana mwenye haraka. Aliniuliza navuta sigara ngapi kwa siku. Nikamwambia ishirini. Akachukua chupa yenye miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita, ambacho ndicho kikomo cha sheria hapa, akajaza kitangi, akabonyeza kitufe mara kadhaa mpaka kioo kikaonyesha 35, akanitakia heri. Nilitoka nje nikavuta mara nne mfululizo, kama mtu mwenye kiu. Wingu lililotoka lingeweza kuficha ng'ombe. Kabla sijafika kituo cha basi kichwa kilikuwa kinazunguka, mate yamejaa mdomoni, nami nimeketi kwenye ngazi za jengo la watu nikitokwa jasho katika baridi ya nyuzi nne. Mvutaji wa miaka thelathini, nimeleweshwa na nikotini kama mtoto aliyeiba msokoto wa babu yake.

Kosa lilikuwa nini? Ndani ya kifaa mna koili, yaani waya mwembamba unaogusana na pamba. Aliyekulia na koroboi ataelewa upesi kuliko mhandisi: pamba ile ni utambi. Inanyonya kimiminika kutoka kwenye kitangi, waya unapata moto, kimiminika kinageuka mvuke. Wati ni kasi ya kuumwagia waya joto. Kila koili ina ukinzani wake, unaopimwa kwa omu, na ukinzani huo ndio unaoamua ni joto kiasi gani koili inalitaka. Koili ya omu 0.3, niliyofungiwa siku ile, ni ya wati nyingi na mvuke mwingi unaoshuka moja kwa moja kifuani. Hiyo hutiliwa kimiminika chenye nikotini kidogo. Nikotini ya miligramu 20 ni ya koili ndogo yenye mvuke haba, unaokaa kwanza mdomoni kisha ukavutwa, kama tunavyovuta sigara. Nilikuwa nimetiliwa konyagi katika glasi ya bia.

Siku ya tatu nikagundua kwamba ndani ya boksi mlikuwa na koili ya pili, ya omu 1.2. Nikasoma kijitabu nusu nusu, nikaifunga, nikajaza kitangi, nikabonyeza papo hapo. Namba sikuigusa, ilibaki 35. Ladha iliyonijia siwezi kuisahau: ni kama mtu amechoma shuka la pamba na kunielekezea moshi wake kooni. Nilikohoa mpaka jirani akagonga ukuta. Jioni hiyo nilikwenda kununua pakiti ya sigara, na kifaa nikakitupa katika droo. Wengi, naamini, huishia hapo, kisha husema kwamba vitu hivi havifai.

Ubavuni mwa koili ile palikuwa pamechongwa, kwa maandishi madogo ya kuumiza macho, 10–14W. Hesabu yake si ngumu. Wati ni volti zikizidishwa kwa zenyewe, kisha zikagawanywa kwa omu. Kwa koili ya omu 1.2, wati 12 zinahitaji volti 3.8 hivi. Wati 35 katika koili hiyohiyo zinahitaji karibu volti 6.5. Betri iliyojaa hutoa volti 4.2, lakini sakiti ya kifaa ina uwezo wa kuzipandisha. Vifaa vingine huutambua ukinzani wa koili na kumzuia mtumiaji. Changu kilitii bila kuuliza. Joto likaja kwa kasi kuliko utambi ulivyoweza kunyonya, pamba ikakauka, ikaungua.

Jambo hili si la ladha tu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portland State, Marekani, walitangaza kwamba walipokiendesha kifaa kwa volti 3.3 hawakuona fomaldehaidi katika mvuke, lakini kwa volti 5 waliikuta, tena nyingi. Magazeti yakapiga kelele. Mwaka huohuo daktari wa Ugiriki, Konstantinos Farsalinos, na wenzake wakajibu kwamba sumu hiyo hutokea kwa wingi pale utambi unapokauka, na kwamba hakuna binadamu mwenye ulimi anayeweza kuendelea kuvuta katika hali hiyo. Mimi ni shahidi wa pande zote mbili: niliivuta, na sikuivumilia.

Miezi mitano baadaye muuguzi mmoja alinipulizisha mashine ya kupima mapafu. Aliitazama karatasi, akaniuliza tarehe yangu ya kuzaliwa kana kwamba haamini faili, kisha akaniambia kwa upole kwamba mapafu yangu ni ya mtu wa miaka 68. Nina miaka 52. Wiki hiyo nilipanda ghorofa ya tatu kwenda kufundisha, nikaanza sentensi, na sentensi ikakatika katikati kwa kukosa pumzi. Wanafunzi walidhani ninatafuta neno. Nilirudi nyumbani nikafungua droo.

Safari hii sikumfuata muuzaji. Nilimkumbuka baba yangu.

Baba analima tumbaku Urambo, mkoani Tabora. Wanaosoma historia ya uchumi wanaijua Urambo kwa sababu ya mradi wa karanga ambao serikali ya Uingereza iliuanza mwaka 1947, ikitafuta mafuta ya kula kwa ajili ya raia wake, ukafa mwaka 1951. Karanga zilipogoma, ikaja tumbaku, na ni ileile ya Virginia. Wakulima wa kwetu huigawa tumbaku kwa namna inavyokaushwa. Ile ya Ruvuma, ambayo moshi wa kuni hupita kwenye majani yenyewe, huitwa tumbaku ya moshi. Yetu, ambayo joto husafiri ndani ya mabomba bila moshi kuligusa jani, huitwa tumbaku ya mvuke. Nimekaa nikicheka peke yangu katika chumba changu Glasgow kwa kukumbuka majina hayo.

Tumbaku ya mvuke hukaushwa katika bani, na bani ni shule. Siku za mwanzo joto huwa karibu nyuzi 38 tu, ili jani lipate wasaa wa kugeuka njano likiwa bado hai. Kisha linapandishwa polepole hadi hamsini na kitu, ubapa wa jani ukauke. Na mwisho karibu 70, mshipa mnene wa katikati upate kukauka nao. Ni kazi ya wiki nzima, mchana na usiku. Nikiwa na miaka 12 nilipewa zamu ya usiku wa manane. Usiku mmoja usingizi ulinizidi, nikapanga kuumaliza ujanja wangu kwa kuni: nikajaza tanuri, joto lipande haraka, kazi iishe mapema, nilale. Asubuhi majani yalikuwa yamepikika, ya kahawia, kama mboga iliyosahaulika jikoni.

Baba hakunichapa. Siku ya soko alinichukua twende wote. Mteuzi alilifikia robota letu, akachomoa jani moja, akalinyoosha kwenye mwanga, akalinusa, akaandika herufi na namba kwenye kikaratasi, akapita. Yote hayo hayakuzidi muda wa kupiga chafya mara mbili. Msimu mzima wa baba, mama na kaka zangu, na kuni zote tulizokata katika miombo, ulikuwa ndani ya herufi zile. Tulirudi nyumbani bila kusemezana. Tulipofika mlangoni ndipo baba akasema, “Moto mwanangu haupandi kwa pupa.”

Basi nikafanya kama mtu wa bani. Nilifunga koili mpya ya omu 1.2, nikadondoshea matone ya kimiminika moja kwa moja kwenye pamba, nikajaza kitangi, kisha nikakiacha kifaa mezani dakika kumi, utambi unywe. Wengi huona dakika hizo kumi kuwa upuuzi. Nikaanza na kiwango cha chini kabisa kilichochongwa kwenye koili, wati 10. Mvuke ulikuwa mwembamba, wa uvuguvugu, karibu usio na ladha. Nikavuta hivyo siku nzima. Kesho yake nikapanda hadi 11. Siku ya tatu 12, na hapo koo langu likatambua kitu: ule mkwaruzo mdogo ambao mvutaji huutafuta bila kujua kwamba anautafuta. Nikajaribu 13 kwa udadisi. Ladha ikawa kali, koili ikawa na joto midomoni, na kimiminika kikaisha upesi. Nikarudi 12. Nilijifunza pia kuacha nafasi kati ya mvuto mmoja na mwingine, maana utambi hauna haraka. Na ladha inapoharibika, dawa ni kushusha namba au kubadili koili, kamwe si kuongeza moto ili kuifukuza. Hata uzito wa kimiminika una neno lake. Kilichochanganywa nusu propilini glaikoli na nusu gliserini ni chepesi, hupita vizuri katika koili ndogo. Kile chenye gliserini nyingi ni kizito kama asali, kinataka koili yenye matundu makubwa na wati nyingi.

Kosa moja zaidi niliepushwa nalo na kusoma, si hekima. Nilitaka kushusha nikotini mara moja hadi miligramu 6, nijione shujaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha London South Bank walikwisha kuonyesha kwamba watu wanaopewa nikotini kidogo huvuta zaidi ili kufidia, na kwa kuvuta zaidi hujipatia fomaldehaidi zaidi kuliko wenzao wenye miligramu 18. Mwili una hesabu zake, na hauziandiki kwenye kioo. Kwa hiyo nilibaki na miligramu 20 na wati chache, bila wingu la kuonyesha watu. Vijana wanaopita wakitoa mawingu ya wati 80 hunitazama kwa huruma.

Jina la kipimo chenyewe lina asili yake hapahapa. James Watt alikuwa fundi wa vyombo katika Chuo Kikuu cha Glasgow, mnamo miaka ya 1760, wakati mabwana wa tumbaku wakiwa katika kilele cha utajiri wao mitaa michache kutoka kwenye karakana yake. Aliletewa mfano wa injini ya mvuke ya Newcomen autengeneze, akaona kwamba sehemu kubwa ya joto inapotea kwa kuipasha na kuipoza silinda ileile kila mara. Mwaka 1765 akapata wazo la kuupoza mvuke katika chombo cha pembeni. Hakuiongezea injini moto, aliuzuia upotevu. Nadhani angeielewa 12 yangu.

Sasa siasa. Kabla ya tarehe 1 Juni 2025, sigara za kielektroniki za kutumia na kutupa zilipopigwa marufuku Uingereza nzima, wavutaji wengi hawakuwahi kuiona namba yoyote. Kifaa hakikuwa na kitufe wala kioo. Kiwanda kilikuwa kimekwisha kuamua moto, nikotini na ladha, na mnunuzi aliachiwa kuchagua rangi. Mimi ninacho kitufe, tena chenye alama ya kuongeza na ya kupunguza, na kwa siku kadhaa nilijiona mtu huru. Kisha nikaitazama tena ile 10–14W. Uhuru wangu ni wa wati nne. Kuta zake zilijengwa na mtu aliyechagua unene wa waya, mbali na macho yangu, na aliyeniuzia hakuona haja ya kunionyesha kuta zilipo. Nimewafundisha wanafunzi kwa miaka mingi kwamba hiari bila taarifa ni mzaha, nikitoa mifano ya mikataba ya madini na ya kura za maoni. Sikuwahi kufikiri kwamba mfano ungenichoma kooni.

Hata hivyo wati nne ni nyingi ukizilinganisha na za baba. Yeye aliutawala moto kuliko mtu yeyote ninayemjua, usiku kwa usiku, digrii kwa digrii, na namba ya mwisho ikaandikwa na mtu mwingine kwa kalamu. Kwa miaka mingi bei ya kilo yake ilitajwa kwa dola, fedha ambayo hanunulii hata kibiriti.

Nilimpigia simu Jumapili iliyopita. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za mvua, nikamwambia kwamba nimeacha sigara. Nilikuwa nikiiogopa sentensi hiyo kwa miezi minne, kwa sababu ada zangu zote, kuanzia shule ya msingi, zilitoka katika jani lile. Baba mwenyewe hajavuta hata siku moja katika maisha yake.

“Umefanya vizuri, Mwalimu,” alisema. “Sasa unavuta nini?”

“Mvuke, Baba.”

Alinyamaza kidogo. “Wa tumbaku?”

Nikamweleza: nikotini hukamuliwa kutoka katika majani, ikachanganywa na kimiminika, na mashine ndogo ikakipasha moto. Akauliza moto wake una ukubwa gani, nami nikamwambia naanza chini na kupanda taratibu. Hilo lilimfurahisha. Kisha akauliza lile ambalo sikulitarajia.

“Hayo majani wananunua kwa nani?”

Nikaichukua chupa mezani nikaigeuza. Palikuwa na onyo, kiwango cha nikotini, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na anwani ya kampuni iliyochanganya. Nikamsomea kibandiko chote, neno kwa neno, nikitafsiri. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba wiki ijayo wanaanza kulikandika upya bani la pili, na kwamba kaka yangu anaomba nimtumie hela ya mafundi.